Gari Nililolipata kwa Kura

Sheria ndiyo iliyoniruhusu, Irmeli Vaattovaara.
Hapa Hietasuo, kwenye shimo la kokoto nyuma ya misonobari,
kila gari la mbio lina bei moja,
na bendera ikishashushwa, yeyote mwenye fedha
huandika jina lake kwenye kipande cha karatasi.
Ukikataa kuuza, hukimbii tena.
Kofia ilikuwa na majina kumi na moja.
Likatoka langu.

Ukavua helmeti. Hukusema neno.
Ulichukua chupa yako ya kahawa chini ya kiti,
ukanipa ufunguo: bisibisi iliyokatwa kichwa.

Mimi ni daktari wa meno.
Nina mikono, nilijiambia; nayajua matundu madogo.
Miaka sita nimekuwa wa mwisho,
ama wa pili kutoka mwisho,
na nilidhani ushindi ni kitu kinachokaa ndani ya gari
kama akiba ndani ya mtungi.

Usiku ule haukuwa na giza;
mwezi wa sita kwetu Ufini jua husahau kulala.
Nikafungua boneti.
Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti,
lakini wewe uliupindua msemo:
nje, Datsun iliyobonyea kama debe lililopigwa teke,
mlango mmoja kijani, mwingine rangi isiyo na jina;
ndani, mishono ya kuchomelea
imepangana kama meno ya mtoto asiyeijua sukari.
Nilipitisha kidole. Hakikukwama popote.
Rejeta uliihamishia nyuma, pale ambapo abiria angeketi,
kokoto zisiitoboe.
Mpira wake ulitoka kwenye mashine ya kukamulia ng'ombe.
Kila nati ina mstari mweupe,
jicho lijue, kwa kupita tu, ipi imelegea.
Na kwenye dashibodi, kwa kalamu nene,
maneno ya mtu anayejisemesha:
*Gia ya tatu haipendi haraka.*
*Kona ya transfoma: sikiliza kwanza.*

Sikusikiliza.
Skrubu moja ya kabureta, robo mzunguko,
kwa sababu mkono wa msomi hauwezi kutulia.

Wiki tatu baadaye ulikuja na mkweche mwingine,
mzoga uliokuwa banda la kuku la shemeji yako;
manyoya yalikuwa bado yamenasa kwenye feni.
Nikawasha injini.
Ulikuwa mbali, kwenye kibanda cha soseji.
Nilikuona ukiacha kutafuna.

Ulikuja moja kwa moja, bila salamu.
Chanda chema huvikwa pete;
chako, mahali pa pete, pana kovu.
Chuma kilitangulia kuposa.
Hukuinama kutazama. Uliweka kiganja juu ya kichujio cha hewa
kama niwekavyo mimi juu ya shavu lililovimba,
ukafumba macho.
"Umeigusa," ulisema.
Robo mzunguko, kurudi.
Injini ikashusha pumzi.

Ulinipita palepale kwenye transfoma.
Safari hii nilisikiliza kwanza, kama ulivyoandika,
na nilichosikia ni banda la kuku likiingia gia ya tatu
polepole, kwa adabu,
kisha vumbi,
kisha unyoya mmoja ukanasa kwenye wavu wa mbele yangu.
Nilimaliza wa tisa.
Sijawahi kuwa wa tisa.

Jioni kofia ilizungushwa tena.
Fedha nilikuwa nazo mfukoni, kalamu mkononi,
na banda lako la kuku lilikuwa pale, likitoa mvuke.
Karatasi yangu niliirudisha tupu.

Halafu wakaniita mimi.
Datsun ilikuwa imeombwa. Jina moja tu kofiani,
kwa kalamu nene.
Bei ni ileile.
Nikavua helmeti, nikainama chini ya kiti.
Kahawa ilikuwa bado ya moto.